Daktari wa Gambuti na Ile ya Kidole

Kila mtu alimwita Daktari, kana kwamba hospitali nzima ilikuwa na mmoja tu. Kwenye ubao wa pale mlangoni waliandikwa madaktari kumi na mmoja, majina yao yamepakwa rangi ya dhahabu, lakini ubao hautibu mtu. Ukiwa wodini na mtu wako anakata pumzi, ukipiga kelele "Daktari!" anayekuja ni yule yule, na gambuti zake. Wale wengine sijui walikuwa wapi. Nasikia semina.

Mimi nilikuwa napiga deki. Nimepiga deki kwenye hospitali hiyo ya serikali, huku kwetu Meru, miaka kumi na tisa, kibarua wa miezi mitatu mitatu. Maana yake kila miezi mitatu naambiwa asante mama, nenda, na Jumatatu inayofuata naambiwa rudi, sakafu imechafuka. Jina la hospitali sitaliandika kwa sababu kuta hazina makosa. Watu ndio nitawataja. Nilisoma mpaka darasa la tano, na yale niliyoyaona hayahitaji darasa la sita.

Nianze na gambuti, maana ndizo zilitangulia kuingia mlangoni. Zilikuwa nyeusi, za mpaka magotini, kama za wachuma chai wa kwao upande wa Runyenjes. Madaktari wengine walivaa viatu vya kung'aa ambavyo unaweza kujitazamia meno. Yeye aliniambia, "Mama Kendi, viatu vya ngozi vinakunywa damu. Hizi nazisafisha kwa ndoo yako." Na alizisafisha kweli kwa ndoo yangu, bila kuomba, na maji nikabadilisha mimi.

Siku moja mzee kutoka Kiirua, aliyekuja kumwona mke wake, alimsimamisha pale koridoni. "Kijana, ile choo ya wanaume imeziba tangu jana. Mnalipwa ya nini nyinyi?" Daktari hakusema yeye ni nani. Alienda akatafuta waya, akazibua, akanawa mpaka viwiko, kisha akaja wodini akamkuta mzee amekaa kando ya kitanda cha mke wake.

"Choo iko sawa, mzee. Sasa tumwone mama."

Mzee akashika kichwa. "Woi! Kumbe ni wewe ndagitari?"

"Asubuhi nilikuwa wa choo. Saa hii mimi ni wa mama. Mshahara ni ule ule mmoja."

Siwezi kusema hakulala. Alilala, ila mahali pa kulala ndipo hakupajua. Nimemkuta kwenye chumba cha shuka, juu ya rundo la blanketi, gambuti zinaning'inia. Nimemkuta amelala wima, bega ukutani, kalamu bado iko kwenye faili, na mstari wa maandishi umeteremka mpaka chini ya karatasi kama maji yanayotafuta bonde. Nilijifunza kudeki nikimzunguka. Sakafu ikikauka, panabaki alama mbili pale aliposimama.

Ukimwita hakuamka. Hata ukisema "Daktari, Daktari," hakuamka, nafikiri neno hilo lilikuwa limemchosha kuliko yote. Ni yeye alinifundisha dawa yake. "Usiniamshe kwa jina. Niamshe kwa ugonjwa." Basi unasema tu polepole, "Kitanda cha tatu anatokwa na damu," na macho yanafunguka, miguu inaanza kutembea, mwenyewe anaifuata baadaye. Sista mmoja alitaka kumjaribu. Akamsogelea: "Daktari, chai iko tayari, na nduma." Kimya. "Daktari, mshahara umeingia." Kimya. Tukacheka mpaka mama mmoja aliyekuwa ameshonwa tumbo akatuomba tuache, maana akicheka anaumia. Daktari akafungua jicho moja. "Nani anaumia?"

Mtu wa hivyo utafikiri ni mpole. Hapana. Alikuwa na mdomo kama wembe. Siku moja niliacha ndoo yangu kwenye njia yake akajikwaa. "Mama Kendi! Unataka nivunjike mguu? Nitatibiwa na nani? Na mimi?" Wodi nzima ikasikia. Kuomba msamaha hakujua, hicho kitu hawakumfundisha chuoni. Lakini kesho yake nilikuta ndoo yangu imejaa maji mlangoni, na mifereji ya upande wetu ilikuwa imekauka wiki nzima, maana yake mtu amebeba maji kutoka kwa tangi la jikoni. Katika miaka ile nilijaziwa ndoo mara nyingi sana. Jipimie mwenyewe nilitukanwa mara ngapi.

Tena alikuwa mtu wa kifua, yaani mapafu ndiyo kazi yake, na alivuta sigara. Aliwahubiria wagonjwa kuhusu moshi wa jikoni, moshi wa tumbaku, vumbi la mahindi, halafu anaenda nyuma ya nyumba ya kufulia nguo anawasha. Nilimkuta huko siku moja nikianika mataulo.

"Daktari, si jana ulimfokea yule mzee wa kitanda cha pili kwa sababu ya sigara?"

"Nilimfokea kwa sababu alivuta yangu."

Wakati wa mgomo ndio alitushangaza sisi sote. Madaktari waligoma kwa sababu ya mambo ambayo hata mtoto anajua ni kweli: watu wachache, dawa hakuna, glavu unanunua mwenyewe. Daktari alikuwa mbele kabisa na filimbi mdomoni, na tawi la mti mkononi, wakitembea kutoka hospitali mpaka kule Kinoru karibu na uwanja, wakiimba. Saa nne alikuwa huko. Saa sita nikiwa nafua, mlango wa nyuma ukafunguka, gambuti zikaingia, filimbi bado iko shingoni.

"Mama Kendi, mimi siko hapa. Umeona mtu?"

"Sijaona mtu, Daktari."

"Vizuri. Basi huyo mtu ambaye hujamwona anauliza, yule mtoto wa pumu ako kitanda gani?"

Alifanya hivyo siku zote za mgomo. Asubuhi mgomo, mchana wodi. Wenzake walipojua walimwita msaliti. Wakubwa wa kaunti walipojua aliongoza wimbo walimwandikia barua ya kujieleza. Ni mtu mmoja tu ninayemjua aliyepata hasira ya pande zote mbili kwa kazi moja. Barua ile alikunja akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba, na meza ikatulia. Alisema ndiyo barua ya kwanza kutoka kaunti iliyosaidia wagonjwa.

Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe na tochi. Madaktari vijana walikuwa na simu pana kama sahani. Binti yake alimletea moja kama hizo, akaibeba siku mbili kama mtu aliyebeba yai, kisha akampa karani wa wodi. Alisema kitu cha mkononi kina mambo matatu tu ya kuulizwa. Kikianguka kwenye ndoo ya Mama Kendi, kitapona? Stima ikipotea, kitaendelea? Na cha tatu, kinaweza kusema sijui? Hilo la tatu sikulielewa wakati ule. Nilifikiri ni usingizi unaongea.

Sasa nifike kwa vidole.

Wagonjwa wetu wengi ni wakulima. Wa Kiirua wanakuja na viazi chini ya kucha na baridi mpaka kwa mfupa, maana kule upepo wa mlima haubishi hodi. Daktari kabla ya kumuuliza mtu jina alimshika mikono akaisugua, kama mtu anayewasha moto. Wageni walifikiri anawaombea. Kumbe anatafuta damu ifike kwenye kidole, kwa sababu ya kale kamashine kanakobana kidole kama kibanio cha nguo, kanawaka taa nyekundu, halafu kanaandika nambari. Nambari hiyo ni hewa iliyo kwenye damu yako. Tisini na tano kwenda juu, uko sawa. Ikishuka chini ya tisini, mtu akimbie atafute mtungi wa oksijeni. Sisi tuliiita tu ile ya kidole. Kidole kikiwa baridi na kigumu, ile ya kidole inahangaika.

Na hakukuwa na kidole kigumu kuliko changu. Miaka yote hiyo ya dawa ya sakafu na maji baridi, ngozi yangu imekuwa kama ganda la kiazi kilichosahauliwa juani. Kwa hiyo Daktari akiletewa yoyote ya kujaribu aliita, "Mama Kendi! Lete mizani!" Mizani ni kidole changu cha shahada. "Kakisoma hapa," alisema, "katasoma mkulima yeyote kutoka hapa mpaka Embu." Nikawa najivuna. Usicheke. Kwenye hospitali ile yote hicho ndicho kitu changu pekee kilichowahi kuhitajika.

Ikafika siku hospitali inanunua za kutosha wodi zote. Mkubwa wa mambo ya tenda alikuwa mtu anayeitwa Mutwiri. Namtaja bila kunong'ona. Mutwiri alikuwa na mikono laini kama ya bwana harusi, na tabia ya kukuita "mama yangu" akiwa hakuoni. Kamati ilikaa chumba cha juu, watu saba, na Daktari aliambiwa mkutano ni saa tano, nao walikuwa wameanza saa tatu. Mimi niliitwa kwa sababu mtu amemwaga chai kwenye zulia. Ndiyo maana naandika haya: nilikuwa chini ya meza.

Mezani zilikuwa tatu, moja nyeupe, moja ya kijivu, moja ya kijani. Wale wakubwa walikuwa wanajivisha kila mmoja, wanacheka, wanaonyeshana kama pete za uchumba. Tisini na nane! Tisini na saba! Mwenyekiti akasema, "Basi sisi sote tuko hai." Mutwiri akasema zote zinasoma sawa, kwa hiyo tuchukue ya kijani, ni nzuri kwa macho, na mwenye kuleta ni mtu wetu anayejulikana. Hebu angalia kosa hilo vizuri. Watu wazima saba, wazima wa afya, wamekunywa chai ya moto, wanapima kifaa cha wagonjwa kwa vidole vyao wenyewe. Hata kuku anapimwa akiwa mgonjwa.

Hapo mlango ukafunguka, gambuti zikaingia, zina damu ya mtu.

"Nimechelewa?"

"La, tumemaliza, Daktari," Mutwiri akasema.

Daktari aliniona chini ya meza. "Mama Kendi, lete mizani." Nikatoka na kidole kinachodondoka maji. Akanivisha nyeupe. Ikaonyesha vistari tu, ikakataa. Akanivisha ya kijivu. Ikakaa, ikakaa, wakubwa wakaanza kukohoa, kisha ikaandika tisini na sita. Akachukua ya kijani. Hata haijafunga vizuri, ikaandika tisini na nane.

"Si hiyo ndiyo ya haraka!" Mwenyekiti akasema.

Daktari akaangalia meza. Kulikuwa na sahani ya soseji za kamati. Akachukua moja, akaivisha ile ya kijani. Tukangoja. Tisini na nane.

"Huyu ako sawa kabisa," Daktari akasema. "Mpeni ruhusa aende nyumbani."

Walicheka! Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta machozi. Mutwiri alicheka pia, kwa meno. Wakamwambia Daktari akae ale, akasema ana mgonjwa mezani, akarudi chini. Na wakanunua ya kijani. Karani aliniambia baadaye kwamba kwenye maandishi ya mkutano iliandikwa: Daktari alichangamsha kikao.

Nimesema nitataja wenye makosa. Wa kwanza ni Mutwiri. Wa pili ni Mwenyekiti, aliyecheka. Yule mtu wetu anayejulikana, ambaye mpaka leo hajulikani, ni wa tatu. Na wa nne naandika kwa uchungu: Daktari mwenyewe. Mtu anayeweza kunifokea mimi kwa ndoo mpaka paa litingishike, mbele ya wakubwa alifanya mzaha mahali pa kupiga meza. Alifikiri wataelewa. Wenye akili wana ugonjwa huo, wanafikiri soseji inatosha.

Ya kijivu alijinunulia yeye. Akaitia mfuko wa koti, ikawa hiyo moja tu ya kweli kwa wodi nzima.

Kisha ukaja ule mwaka wa barakoa. Sitaueleza, kila mtu ana wake. Mimi nilianguka nikiwa nashikilia deki, wakanilaza kwenye wodi ile ile niliyodeki, kitanda cha nne. Kitanda cha tano alikuwa Mama Makena, muuza viazi wa Kiirua, mwanamke mnene wa maneno matamu. Tulikaa siku mbili tukisemezana. Alikuwa na ile ya kijani kwenye kidole, tisini na nane asubuhi, tisini na nane jioni, na alinicheka kwa sababu mimi nilikuwa nakohoa.

"Mwangalie Mama Kendi. Unapenda kubembelezwa wewe. Mimi hata leo ningeuza gunia mbili."

Siku ya tatu baada ya uji Daktari aliingia akija upande wetu, haraka, ile ya kijivu ikiwa mkononi. Alisimama kwangu. Akanisugua kidole, akanivisha. Nikamwambia niko sawa. Akasema nyamaza. Nikaona uso wake umebadilika. Ilikuwa sabini na tisa. Kukawa na kukimbia, wakaleta mtungi, wakanifunga mdomo na pua, wakanilaza kifudifudi, na yeye hakutoka kando yangu. Kidole changu kilibaki kimevaa ile ya kijivu. Huko nyuma yangu nilimsikia Mama Makena akisema, "Mmemwona? Sasa amefurahi." Ndiyo maneno yake ya mwisho niliyosikia. Alinyamaza. Nikafikiri amelala. Githeri ya mchana ilipofika, sista alimwita, akamgusa, akamfunika uso.

Ile ya kijani kwenye kidole chake bado ilikuwa inaandika tisini na nane.

Nilipona. Watu wakasema Mungu ni mwema, na sikatai. Lakini siku niliyoruhusiwa, mume wa Mama Makena alikuja kuchukua nguo zake. Akasimama mbele yangu na ule mfuko wa plastiki. Hakupaza sauti.

"Mama, wewe ulipewa hewa kwa sababu unawadekia. Mke wangu hakuwa na mtu hapa."

Ndilo neno nililobeba. Miaka yote nimekula nalo, nimeenda nalo kanisani. Je, nilipewa kwa kujulikana? Daktari alikuwa na ile moja ya kweli na vitanda viwili, akachagua mtu wake? Kama ni hivyo, basi mimi na Mutwiri ni kitu kimoja, sote tumepata kwa mtu wetu anayejulikana. Nilitaka kumuuliza Daktari. Niliogopa. Mtu anaweza kuishi bila jibu, lakini si kila mtu anaweza kuishi nalo.

Yeye mwenyewe baada ya hapo alizikusanya zile za kijani zote kwenye ndoo yangu, akapanda nayo mpaka ofisi ya Mutwiri, akamwaga mezani. Safari hii alipiga meza. Tuliisikia huku chini. Ikawa ni utovu wa nidhamu. Wakampa likizo ambayo hakuomba, na mtu ambaye hakuwahi kupewa likizo alipoiomba akaona hiyo ni dalili. Akaandika barua ya kuacha kazi, akarudi kwao Runyenjes, huko Embu, kwa kahawa yake. Zile za kijani zilirudishwa wodini wiki hiyo hiyo, zimepanguswa.

Siku ya kuondoka alinikuta nikifua. Akanipa ile ya kijivu.

"Chukua mizani yako."

"Nitafanya nayo nini, Daktari? Mimi ni wa deki."

"Weka betri pembeni, zisioze. Na ukiona mtu hapumui vizuri, usijiulize wewe ni nani. Mvishe."

Nimeitembeza kwa mkoba tangu hapo, imefungwa kwa kitambaa, betri zimefungwa kwa kingine. Masista wengine walijifanya hawaoni. Wengine waliniita kwa siri, "Mama Kendi, pitia huku na deki yako." Nikajua wanataka nini. Sijui niliwavisha watu wangapi. Sikuandika.

Miezi michache iliyopita nilienda kumwona binti yangu Kendi, ameolewa upande huo wa Embu, amejifungua. Siku ya kupeleka mtoto sindano nikamsindikiza kwenye zahanati moja ndogo njiani. Benchi ilikuwa imejaa. Kule mwisho, kwenye ukuta, ameketi mzee mwembamba amevaa sweta mbili, macho yamefungwa, na miguuni gambuti.

Nilijua gambuti kabla ya kujua uso. Alikuwa amebaki nusu. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Sista wa pale, mama mtu mzima aliyechoka, alikuwa amemvisha ya kijani. Ile ile, mtu wetu anayejulikana alijua pia njia ya Embu. Tisini na nane.

"Huyu mzee ako sawa," sista akaniambia aliponiona namwangalia. "Anapenda tu kusinzia. Angoje wenye homa."

Nikainama kwa sikio lake. Sikumwita jina. "Kitanda cha tano hapumui."

Macho yakafunguka.

"Mama Kendi," akasema, bila kushangaa, pumzi kidogo kidogo. "Umechelewa na deki."

Nikamvua ya kijani, nikamwomba sista kalamu yake, nikaivisha. Sista akaitazama kalamu yake. Tisini na nane. Akaitazama tena. Mimi nimeshafungua vitambaa vyangu, betri zimeingia, namsugua Daktari kidole, nasugua, na ile ya kijivu ikakaa, ikakaa, ikaandika themanini na moja. Sista hakuniuliza mimi ni nani. Alikimbia, akarudi anasukuma mashine ya oksijeni ambayo ilikuwa kona ya stoo imefunikwa gunia.

Alipopata pumzi ya kutosha kutukana, alisema mashine imefungwa vibaya na akaonyesha. Ndipo nikajua atafika jioni. Nikakaa kwenye benchi. Kendi alikuwa ndani na mtoto. Nikaona nisipouliza siku hiyo, nitakufa sijauliza.

"Daktari. Siku ile. Kwa nini ulinivisha mimi, ukamwacha Mama Makena?"

Akatoa ile mipira ya hewa puani kidogo ili niweze kumsikia.

"Nilikuwa namwendea yeye."

"Nani?"

"Mama Makena. Midomo yake sikuipenda tangu nilipokuwa mlangoni. Lakini betri zilikuwa zimekufa asubuhi, nilikuwa nimetia zingine za redio ya sista, sikuziamini. Nikasema nijaribu kwanza kwa kidole ninachokijua. Sekunde chache tu, kisha niende kwake." Akapumua. "Ulikuwa mizani tu, Mama Kendi. Mizani ikaanguka."

Sijui nilitaka jibu gani. Labda nilitaka aseme alinichagua, nimkasirikie. Au aseme ni Mungu. Kumbe nilisimama tu njiani, kama ile ndoo yangu, akajikwaa. Nililia, na sikuficha, kwa sababu pale kila mtu ana lake. Yeye hakunibembeleza. Hicho nacho hawakumfundisha.

"Na hujawahi kusema," nikamwambia.

"Hujawahi kuuliza." Akarudisha mipira puani. "Ningekujazia ndoo gani?"

Kando yake kwenye benchi alikuwa mama mmoja wa makamo, kikapu cha parachichi kati ya miguu, anakohoa kwenye leso, anamwambia kila anayepita kwamba yeye hana shida, amekuja tu kuchukua dawa. Daktari alimtazama midomo. Akanyoosha mkono wake kwangu, ile ya kijivu bado imembana.

"Toa."

"Bado uko themanini na nane, Daktari."

"Nimeshajua mimi ni ngapi. Toa, umvishe huyo. Safari hii usiishie kwa mtu unayemjua."

Nikaitoa. Yule mama akaniuliza, "Wewe ni daktari?" Nikamwambia lete mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, vigumu, vina udongo kwenye kucha. Nikaanza kuvisugua.